William Fox: Mhamiaji aliyejenga makasri ya sinema na kuyapoteza

Majumba kadhaa ya kale katikati ya miji mikubwa ya Marekani, kuanzia Atlanta na Detroit hadi St. Louis na Oakland, yangali na jina moja juu ya milango yake: Fox. Yalijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya kuonyeshea filamu. Leo hii ni kumbi za muziki, tamthilia na dansi, na viti vyake hujaa watu ambao wengi wao hawamjui mwenye jina hilo. Alikuwa William Fox, mtoto wa familia maskini ya Kiyahudi kutoka Hungary, aliyeanza kwa kuuza peremende mitaani, akafikia kuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kubwa kabisa katika biashara ya sinema duniani, kisha akapokonywa karibu kila alichokijenga katika muda usiotimia mwaka mmoja.

Mtoto wa Lower East Side

Fox alizaliwa tarehe 1 Januari 1879 huko Tolcsva, nchini Hungary, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya dola ya Austria na Hungary. Jina la familia lilikuwa Fuchs, neno la Kijerumani lenye maana ya mbweha, ambalo kwa Kiingereza likageuka kuwa Fox. Alikuwa bado mtoto mchanga wa miezi michache wazazi wake walipopanda meli kwenda New York, wakifuata njia ya Wayahudi wengi wa Ulaya ya Mashariki waliokimbia ufukara na chuki.

Familia ilifikia Lower East Side, mtaa uliosongamana watu kupita kiasi, ambamo jamaa nzima iliweza kuishi katika chumba kimoja au viwili, huku maji na vyoo vikitumiwa kwa pamoja na wapangaji wengine. Mama yake alizaa watoto 13; sita tu ndio waliofikia utu uzima. William alikuwa kifungua mimba, na kwa kuwa kipato cha baba kilikuwa cha kubahatisha, mzigo wa nyumba ulimwangukia yeye mapema. Aliuza peremende na dawa ya kung'arishia majiko, akaacha shule akiwa na umri wa miaka 11 hivi, akaingia katika kazi ya viwanda vya nguo. Ajali ya utotoni ilimwachia mkono wa kushoto usiokunjuka vyema, na maisha yake yote alifanya kazi, na baadaye kucheza gofu, kwa kuutegemea mkono mmoja.

Alipofikia umri wa miaka 21 alikuwa tayari ameoa na ameweka akiba. Mwaka 1900 alianzisha kampuni ndogo ya kukagua na kurowesha vitambaa, ili visinywee baada ya kushonwa. Mkewe, Eva Leo, alikuwa mshauri wake wa karibu tangu mwanzo. Miaka mingi baadaye, mumewe alipokuwa akijenga majumba makubwa, ni Eva aliyeshughulikia mapambo ya ndani ya baadhi yake, yakiwemo yale ya Detroit na St. Louis.

Ukumbi wa kiingilio cha senti tano

Mwaka 1904 Fox aliachana na vitambaa, akanunua ukumbi mdogo wa burudani mjini Brooklyn. Enzi hizo filamu zilikuwa fupi, za dakika chache tu, nazo zilionyeshwa katika vyumba vilivyopangwa viti vya kawaida, kwa kiingilio cha senti tano. Watu wenye heshima zao hawakukanyaga huko. Wateja walikuwa wafanyakazi wa viwandani na wahamiaji, ambao wengi wao hawakuwa wamekijua Kiingereza bado. Filamu bubu haikuwadai lugha yoyote.

Inasimuliwa kwamba siku Fox alipokwenda kuukagua ukumbi huo aliukuta umefurika watu. Alipokwisha kulipa, wateja wakatoweka, ndipo akatambua kwamba umati ule ulikuwa umepangwa na muuzaji. Badala ya kwenda kudai fedha zake, alimkodi mfanya mazingaombwe asimame mlangoni na kuwakusanya wapita njia, kisha akawakaribisha waliokusanyika wapande ghorofani kutazama picha zinazotembea. Biashara ikashika kasi. Tangu siku hizo Fox aliamini kwamba filamu na maonyesho ya jukwaani huuzika vizuri zaidi yakiwa pamoja, chini ya paa moja, kwa tiketi moja ya bei nafuu. Imani hiyo ndiyo iliyokuja kuamua sura ya majumba yake yote.

Mapambano na ukiritimba

Kufikia mwaka 1908 Fox alikuwa na kumbi kadhaa na kampuni ya kukodisha filamu kwa wenye kumbi wengine. Mwishoni mwa mwaka huohuo, kundi la watengenezaji wakubwa likiongozwa na mvumbuzi Thomas Edison liliunganisha hataza zao zote za kamera na mashine za kuonyeshea filamu, likaunda kampuni moja. Kila mwenye ukumbi alitakiwa kulipa dola mbili kwa wiki kwa ajili ya mashine yake, na ilikuwa marufuku kuonyesha filamu ya mtu asiyekuwemo katika umoja huo. Kampuni za kukodisha filamu zilinunuliwa moja baada ya nyingine. Zilizokataa kuuza zilinyimwa filamu.

Fox alikataa kuuza. Leseni yake ilipofutwa alikwenda mahakamani, na malalamiko yake yakachangia serikali ya Marekani kufungua kesi dhidi ya umoja huo mwaka 1912, kwa msingi wa sheria inayopinga ukiritimba. Hukumu ilitoka mwaka 1915, nayo ikatamka kwamba umoja huo ulikuwa umevunja sheria. Kwa watu wa sinema waliokuja baada yake, ushindi huo ulifungua mlango: yeyote mwenye mtaji na ubunifu aliweza sasa kutengeneza filamu na kuiuza.

Fox mwenyewe hakungoja hukumu. Mapema mwaka 1915 alianzisha Kampuni ya Filamu ya Fox. Nyota wake wa kwanza alikuwa Theda Bara, binti wa fundi cherehani kutoka Cincinnati, ambaye watangazaji wa kampuni walimzushia asili ya kigeni, wakieneza habari kwamba alizaliwa Misri karibu na sanamu ya Sphinx. Watazamaji walimpenda, na fedha zake zikalipia studio mpya huko Hollywood. Baadaye Fox alimpa kazi mwongozaji Mjerumani F. W. Murnau, ambaye filamu yake Sunrise ya mwaka 1927 ilitunukiwa katika hafla ya kwanza kabisa ya tuzo za Oscar, mwaka 1929.

Sauti juu ya utepe

Mchango wake ulioacha alama ndefu zaidi ulikuwa wa kiufundi. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya Warner ilikuwa ikitoa sauti za filamu kwa kutumia sahani ya santuri iliyozungushwa sambamba na picha. Santuri ikiruka au utepe ukikatika, midomo ya waigizaji ilikwenda upande wake na maneno upande wake. Fox aliwekeza fedha nyingi katika njia nyingine, iliyoendelezwa na mtaalamu Theodore Case na msaidizi wake Earl Sponable. Katika njia hiyo sauti hugeuzwa kuwa mwanga na kuchapwa pembeni mwa utepe wenyewe wa filamu, hivyo haiwezi kuachana na picha. Aliipa jina la Movietone.

Mwezi Mei 1927 wapigapicha wake walirekodi ndege ya Charles Lindbergh ikiruka kutoka New York kwenda Paris, na watazamaji wakasikia ngurumo za injini yenyewe. Habari za filamu zenye sauti zikawa jambo la kila wiki. Njia ya santuri iliachwa baada ya miaka michache, na kwa miongo mingi iliyofuata filamu ziliendelea kubeba sauti yake pembeni mwa utepe.

Makasri ya kila mtu

Fedha za filamu na sauti zilimwezesha Fox kufanya alichokitamani zaidi, nacho ni kujenga. Muda mfupi baada ya jumba la Roxy la New York kufunguliwa mwezi Machi 1927, likiwa na viti karibu 6,000, Fox alilinunua. Kisha akajenga ya kwake. Jumba la Detroit, lililochorwa na msanifu C. Howard Crane, lilifunguliwa Septemba 1928 likiwa na viti zaidi ya 5,000. Pacha wake wa St. Louis, wa msanifu huyohuyo, alifuata Januari 1929. Brooklyn, Oakland na San Francisco nazo zilipata majumba yao katika kipindi hichohicho.

Majumba hayo yalijengwa kwa hesabu. Viwanja vya katikati ya mji vilikuwa ghali, na tiketi zilikuwa rahisi, kwa hiyo faida ilitegemea wingi wa viti na wingi wa maonyesho kwa siku. Ili kumvuta karani, mshona nguo au dereva, jengo lenyewe lilipaswa kuwa sehemu ya burudani: ngazi za marumaru, taa za vioo zinazoning'inia, mazulia mazito, wahudumu waliovalia sare. Mtu aliyetoka katika chumba cha kupanga kisichokuwa na maji ya moto aliketi kwa saa tatu mahali palipofanana na ikulu. Kwa mwanamume aliyekulia Lower East Side, hilo halikuwa jambo dogo.

Isitoshe, kila jumba lilijengewa jukwaa halisi lenye kina, mitambo ya kupandishia na kushushia mapazia, vyumba vya kuvalia waigizaji, shimo la okestra mbele ya jukwaa, na kinanda kikubwa cha mabomba. Filamu ilitanguliwa na wanamuziki, wacheza dansi na wachekeshaji. Sinema yenye sauti ilipoenea, okestra hizo zilianza kuonekana gharama ya bure, na wamiliki wengi wakazifuta. Fox mwenyewe, kwa kuleta sauti, alichangia kuzifukuza. Lakini majukwaa yalibaki, yakiwa yamefichwa nyuma ya pazia la filamu, na nusu karne baadaye ndiyo yaliyoyaokoa majengo hayo.

Mwaka wa anguko

Mwezi Septemba 1927 alifariki dunia Marcus Loew, mwenye mtandao mwingine mkubwa wa majumba ya sinema, ambaye kampuni yake ndiyo iliyoimiliki studio ya Metro-Goldwyn-Mayer. Fox aliona nafasi ya kuwa mkubwa kuliko wote. Mwezi Machi 1929 ilitangazwa kwamba amenunua hisa za familia ya Loew pamoja na za wakuu wa kampuni hiyo, kwa gharama ya takriban dola milioni 50. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo ya muda mfupi, iliyotoka kwa benki za uwekezaji na kwa kampuni tanzu ya shirika la simu la AT&T. Fox alitarajia kuilipa kwa kuuza hisa mpya katika soko la mitaji lililokuwa likipanda kila mwezi.

Alijitengenezea maadui kwa wakati mmoja. Louis B. Mayer, mkuu wa studio ya MGM, hakupata chochote katika mauziano hayo, naye alikuwa na ukaribu na Rais Herbert Hoover. Wizara ya Sheria ilianza kuuchunguza ununuzi huo. Mnamo Julai 1929 gari la Fox liligongana na jingine katika kisiwa cha Long Island. Dereva wake alikufa, na yeye mwenyewe alijeruhiwa vibaya, akakaa miezi kadhaa akijiuguza. Alikuwa bado hajapona sawasawa soko la hisa la New York lilipoporomoka mwezi Oktoba.

Hisa alizoziweka rehani zilipoteza thamani siku hadi siku, na hakuna aliyekuwa tayari kununua hisa mpya. Mwezi Novemba serikali ilifungua kesi kupinga muungano wake na kampuni ya Loew, kwa msingi wa kupinga ukiritimba. Wadai walitaka fedha zao. Kwa miezi mitano Fox alipambana kwenye mikutano na mahakamani, na mwezi Aprili 1930 alisalimu amri, akauza hisa zilizompa sauti ya uamuzi katika kampuni zake kwa dola milioni 18. Alikuwa na umri wa miaka 51. Kampuni iliyobeba jina lake iliunganishwa mwaka 1935 na ile ya Twentieth Century, bila yeye kuwemo.

Kortini na gerezani

Yaliyofuata yalimpunguzia watetezi. Fox alikuwa amenunua haki za kutumia nchini Marekani hataza za Kijerumani za sauti ya filamu, na alitumaini kwamba kampuni zote za sinema zingelazimika kumlipa. Mwaka 1935 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitupilia mbali madai yake. Mwaka uliofuata aliomba kutangazwa muflisi. Katika shauri hilo la kufilisika alimpa hongo jaji wa mahakama ya rufaa, J. Warren Davis, ili amsaidie dhidi ya wadai.

Jambo hilo lilipofichuka, Fox alikiri kosa na akatoa ushahidi dhidi ya jaji. Mabaraza mawili ya mahakama yalishindwa kuafikiana, na jaji hakutiwa hatiani. Fox ndiye aliyekwenda gerezani, akatumikia takriban miezi sita kati ya mwaka 1942 na 1943. Rais Harry Truman alimpa msamaha mwaka 1947. Majaribio yake ya kurudi katika biashara ya sinema hayakufika popote. Alifariki dunia mjini New York tarehe 8 Mei 1952 akiwa na umri wa miaka 73, na inaelezwa kwamba hakuna mkuu hata mmoja wa studio za Hollywood aliyekwenda kumzika.

Hata filamu zake nyingi zilikuwa zimetangulia kutoweka. Mwezi Julai 1937, wakati wa joto kali, ghala la kuhifadhia filamu huko Little Ferry, jimbo la New Jersey, lilishika moto. Tepe za enzi hizo zilitengenezwa kwa kemikali inayowaka kwa urahisi mno, na moto huo uliteketeza nakala za filamu nyingi za Fox za kipindi cha ububu. Filamu nyingi za Theda Bara, ikiwemo Cleopatra ya mwaka 1917, hazionekani tena isipokuwa vipande vidogo.

Msikiti usiokuwa msikiti

Kati ya majumba yaliyosalia, lile la Atlanta ndilo lenye historia ya ajabu zaidi, nalo halikuanzishwa na Fox. Lilianza kama makao ya chama cha kindugu kijulikanacho kama Shriners, ambacho wanachama wake, Wamarekani wasiokuwa Waislamu, walipenda kujipamba kwa kofia nyekundu za tarbushi na majina ya Kiarabu. Waliita makao yao msikiti, ingawa hapakuwahi kukusudiwa kuwa mahali pa sala. Ujenzi ulipowazidi uwezo, walimkodisha Fox ukumbi mkubwa wa jengo hilo ili waweze kulimaliza.

Anayefika leo katika Mtaa wa Peachtree huona kwanza kuba kubwa lenye umbo la kitunguu, mnara na kuta zenye mistari ya rangi mbili. Akipita katika njia ndefu ya mlangoni na kuingia ukumbini, hujikuta kana kwamba yuko nje, katika ua wa ngome ya Kiarabu wakati wa usiku. Kuta za pembeni zina matundu ya madirisha na minara. Dari ni anga ya buluu yenye nyota 96 za vioo, baadhi zikimetameta, na mawingu yanayopita taratibu kwa msaada wa mashine ya mwanga. Juu ya roshani limetandazwa kitu mfano wa hema la Mabedui. Likichunguzwa kwa karibu huonekana kuwa ni plasta iliyoimarishwa kwa vyuma. Ukumbi wa sherehe wa jengo hilo umepambwa kwa michoro ya Misri ya mafarao. Kinanda chake cha mabomba 3,622 kingali kikipigwa.

Milango ilifunguliwa siku ya Krismasi ya mwaka 1929. Siku hiyo mtu ambaye jina lake liliwashwa taa juu ya mlango alikuwa akihangaika na wadai mjini New York. Uchumi ulipozidi kudidimia ukumbi ulifungwa baada ya wiki 125, na mwaka 1932 ukaingia mikononi mwa jiji kwa mnada. Baadaye ulifufuka chini ya wamiliki wengine, ukaonyesha filamu kwa miongo minne na kupokea kila mwaka wasanii wa opera ya Metropolitan kutoka New York.

Kasri hilo, hata hivyo, halikuwa la kila mtu. Kwa mujibu wa ubaguzi wa rangi uliotawala kusini mwa Marekani, watazamaji weusi walikatiwa tiketi dirisha la pembeni, wakapanda ngazi za nje, wakaketi katika roshani ya juu kabisa iliyotenganishwa na viti vya wazungu. Utaratibu huo ulidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ngazi hizo hazikuondolewa, na historia yake ni sehemu ya yale yanayosimuliwa kuhusu jengo hilo.

Kuokolewa

Kuenea kwa televisheni na kuhamia kwa familia nyingi katika vitongoji vya nje ya mji kuliyaua majumba mengi ya aina hii. Roxy ya New York ilibomolewa mwaka 1960, Fox ya San Francisco mwaka 1963, na ya Brooklyn mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yalikuwa makubwa mno kwa filamu za kawaida, na viwanja vyake vilikuwa na thamani kuliko majengo. Wakazi wa miji ya Afrika Mashariki wanaijua hali hiyo kwa namna yao, kwani sinema nyingi za zamani mijini zimegeuzwa kuwa maduka au makanisa.

Atlanta ilikaribia kufuata njia hiyo. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya simu ya Southern Bell ilitaka kiwanja ili kujenga makao yake makuu. Kwa sadfa, kampuni hiyo ilikuwa tanzu ya AT&T, shirika lilelile ambalo mikopo ya tawi lake ilisaidia kumwangusha Fox mwaka 1930. Wakazi walikusanya saini na kuandamana. Uongozi wa jiji, chini ya Maynard Jackson, meya wa kwanza mweusi wa Atlanta, ulichelewesha kibali cha kubomoa. Mwaka 1975 taasisi isiyotafuta faida iitwayo Atlanta Landmarks ililinunua jengo kwa mkopo, na kampuni ya simu ikakubali kujenga mnara wake kando. Wanamuziki walijitolea kupiga matamasha ya kuchangia, mojawapo likiwa la bendi ya Lynyrd Skynyrd mwezi Julai 1976, ambalo lilirekodiwa na kutolewa kuwa albamu. Deni lilimalizwa kulipwa mwaka 1978.

Kilichowezesha jumba hilo kujitegemea ni lile jukwaa la mwaka 1929. Jengo lililojengwa kwa ajili ya filamu pekee lisingeweza kupokea opera, tamthilia za kutoka Broadway au bendi kubwa bila kuvunjwa na kujengwa upya. Hili lilikuwa na kina, vyumba na mitambo tayari. St. Louis ilifuata njia hiyohiyo mwaka 1982, Detroit mwaka 1988 na Oakland mwaka 2009. Mnamo tarehe 14 Aprili 2016 mwanamuziki Prince alipiga piano peke yake katika jukwaa la Atlanta. Lilikuwa onyesho lake la mwisho. Alifariki dunia wiki moja baadaye.

Wageni wa Atlanta wanaweza kulitembelea jumba hilo kwa ziara za kuongozwa, au kwa kununua tiketi ya onyesho. Kampuni ya filamu iliyobeba jina la Fox ilinunuliwa na Disney mwaka 2019, na mwaka uliofuata wamiliki wapya waliliondoa neno Fox katika jina la studio hiyo. Kwa hiyo jina ambalo mhamiaji yule alilitundika juu ya ukumbi linadumu zaidi pale alipolipenda tangu siku za mfanya mazingaombwe wa Brooklyn: mlangoni, juu ya watu wanaosubiri kuingia. Mwenyewe amelala katika makaburi ya Salem Fields, mjini Brooklyn.